Kidole cha Mjomba na Mpira wa Levo

Mjomba hakuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Nilikuwa nimemfungulia boneti mwenyewe, nje ya nyumba yake pale Morogoro, nikisubiri asifu. Mahali palipokuwa na boksi jeusi la plastiki sasa palikuwa na koni nyekundu, imekaa kwenye ncha ya bomba la aluminiamu linalong'aa kama sufuria jipya. Aliinama, akaitazama koni bila kuigusa, akaitazama rejeta, akalitazama bomba la eksozi linavyopita karibu yake, kisha akauliza: "Hewa hii inatoka wapi?"

Nikamjibu kwamba inaingilia hapo hapo kwenye koni.

"Koni nimeiona," akasema. "Nauliza hewa."

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Mark II, ile inayoitwa GX110, iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika kama magari yetu mengi. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 1,988. Nililinunua kwa fedha ya biashara ya dawa za mifugo, na biashara hiyo ilinipeleka kila mwezi Kibaigwa, na kutoka Kibaigwa kuingia Kiteto hadi Kibaya kwa wafugaji. Naitaja njia hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyoamua mambo. Koni ile ile ingefungwa kwenye gari la mtu anayetoka Mwenge kwenda Posta na kurudi, huenda leo nisingekuwa na la kusimulia.

Koni nilifungiwa Dar es Salaam, mwezi wa pili, na kijana mmoja mwenye mikono myepesi. Shilingi 180,000 na kazi juu. Aliniambia gari litaongezeka farasi kumi na tano, kwamba kiwandani wanaibana injini pumzi makusudi ili gari lisipige kelele, na kwamba kazi yake ni kuifungulia pua. Maneno haya yaliniingia, kwa sababu yana punje ya ukweli ndani yake. Akang'oa boksi la hewa, akang'oa mpira mnene wenye mikunjo unaounganisha boksi na injini, halafu akavuta kitu cha tatu kutoka chini, nyuma ya taa: kopo la plastiki lililofumbwa, lenye shingo moja tu, lisilopeleka hewa kokote. "Hili dude halina kazi hata kidogo," akasema, akalirusha juu ya mengine. Mimi si mtu wa kutupa vitu. Nilivikusanya vyote kwenye kiroba, na safari iliyofuata nikaviacha kwa mama, Matombo.

Usiku ule nilipita Morogoro Road kutoka Manzese hadi Kimara nikiwa nimeshusha vioo. Kila nilipokanyaga mafuta, koni ilivuta pumzi ndefu, kisha ikanguruma kwa sauti nene ambayo gari lile halijawahi kuwa nayo. Nilifurahi, na furaha ile sitaikana leo. Mtu anayelipenda gari lake analisikiliza kama anavyosikiliza sauti ya mtu wa nyumbani, na sauti mpya inaweza kumfanya alipende upya. Nilichokosea ni kuamini kwamba ninachokisikia ni nguvu.

Kopo lile lililoitwa dude lilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa mlio huo. Kila vali ya kuingizia hewa inapofungua na kufunga, hewa ndani ya bomba inashtuka na kurudi nyuma kama mawimbi ndani ya ndoo iliyogongwa. Mawimbi hayo yakitokea mdomoni mwa bomba ndiyo tunayoyasikia yakinguruma. Kopo pofu la ukubwa uliopimwa, likiwekwa pembeni ya njia, linayapokea mawimbi ya mlio fulani na kuyarudisha kwa kuchelewa, yakakutana na yanayofuata na kuuana. Lilikuwa linanyamazisha tu. Njia ya hewa yenyewe ilikuwa wazi. Nilipoliondoa, injini ilifanya kazi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, na sikio langu likahesabu kelele kama mwendo.

Mjomba ni kaka yake mama, mkubwa wake kwa miaka mingi. Kwetu Uluguruni ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo mjomba ana kauli juu yako ambayo hata baba hana. Mjomba wangu, kwa kuongezea, alikuwa fundi. Alijifunza kazi akiwa kijana, wakati Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake mwezi Novemba 1965 na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta na mizigo yake Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa bado ya udongo. Malori yalipita humo mchana na usiku, kiangazi katika vumbi na masika katika tope, na yeye alikuwa mmoja wa vijana waliolala chini ya malori hayo. Injini ikifa, aliniambia mara nyingi, mafundi wapya walianza na dizeli. Wazee walianza na hewa.

Mimi nilimkuta akiwa na Land Rover kuukuu ya kazi. Nikiwa na miaka saba au minane, kila jioni aliporudi safari alinipa kazi ya kushika tochi. Alifungua kibano, akatoa bakuli zito la chuma lililokuwa chini ya eakilina, akaliweka kwenye gunia. Ndani yake mlikuwa na oili. Land Rover zile hazikuwa na chujio la karatasi: hewa ilishushwa kwa kasi hadi usoni mwa oili, ikageuzwa ghafla kupanda juu, na vumbi, kwa kuwa ni zito kuliko hewa, likashindwa kukata kona na kutumbukia. Mjomba aliimwaga oili taratibu kwenye kopo, na chini ya bakuli likabaki tope laini, jekundu kama ugoro uliochanganywa na maji, unene wa kidole. Alilichota kwa kijiti akanionyesha. "Hili lote lilikuwa linataka kuingia kwenye injini." Kisha akalipangusa bakuli, akatia oili mpya hadi kwenye alama, akafunga. Hakukosa hata siku moja.

Kwa hiyo nilipaswa kujua. Nilikuwa nimeshika tochi.

Basi siku ile pale nje kwake, baada ya kuuliza kuhusu hewa nami nikakosa jibu, aliomba bisibisi. Akalegeza kibano cha koni, akaivuta koni ikatoka, akaingiza kidole cha shahada ndani ya bomba la aluminiamu, upande ambao hewa imeshachujwa, upande unaopaswa kuwa safi kama sahani. Akakizungusha mara moja na kukitoa. Kidole kilikuwa cha kahawia. Akakipitisha kwenye kitambaa cheupe alichofutia miwani, kikaacha mstari. Hakusema neno. Aliifinya koni karibu na kitako chake, na pale ambapo mpira wa kitako umegandishwa na wavu pakafunguka mdomo wa urefu wa kucha.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Koni ile ilikuwa imeshakwenda Kibaya mara tano kiangazi kizima, nyuma ya malori ya mahindi na katikati ya makundi ya ng'ombe.

Hapo nataka kusimama kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nielewe ukubwa wa jambo. Injini ya petroli, ili iunguze kilo moja ya mafuta vizuri, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli inataka hewa lita 9,000 hivi. Gari langu lilikuwa likienda kilomita tisa kwa lita. Maana yake, kila kilomita moja lilivuta lita 1,000 za hewa: simtanki moja nyeusi, ile tunayoweka juu ya mnara nyuma ya nyumba. Safari ya kilomita mia ni simtanki mia moja za hewa. Ukizivuta simtanki hizo katika vumbi la Kiteto wakati wa kiangazi kupitia mdomo wa urefu wa kucha, hesabu inayobaki kila mtu anaweza kuikamilisha.

Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni mchanga uliosagika, nao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukiingia na kukutana na utando wa oili ukutani mwa silinda, unakuwa msasa. Ringi za pistoni zinapanda na kushuka juu ya msasa huo maelfu ya mara kwa dakika. Hakuna kelele wala taa inayowaka. Kinachotokea ni kwamba stiki ya oili inaanza kusoma chini. Mimi nilikuwa naongeza lita moja kila baada ya kilomita 1,500, na nilijiambia gari limezeeka. Mjomba alipima kompresheni siku ile ile: silinda tatu zilikuwa chini ya nyingine. Alipotia oili kijiko kimoja katika tundu la plagi na kupima tena, vipimo vikapanda, na huo ndio ushahidi wa kawaida kwamba ringi zimeisha, si vali. Kufungua injini, ringi mpya, gasketi na kazi vilinila zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Hiyo ndiyo bei halisi ya koni ya shilingi 180,000.

Lakini mjomba hakuniruhusu nichukie koni kwa hasira tu. "Umeumizwa na koni mbovu," alisema. "Je, nzuri ingekusaidia? Hujui. Tupime."

Akanituma Matombo nikachukue kiroba. Mama alikuwa amekifungua zamani. Nusu ya chini ya boksi la hewa ilikuwa kwenye kibanda cha kuku, imetandikwa majani makavu, na kuku mweupe ameyaatamia mayai yake humo. Mama akaniambia nisubiri au ninunue lingine. Nilisubiri wiki mbili, vifaranga wakatoka, nikaliosha boksi kwa sabuni na maji ya moto mara tatu. Mpira wenye mikunjo ulikuwa umeng'atwa na panya; nikatafuta wa mtumba Ilala, kwenye maduka ya spea. Kopo pofu lilikuwa salama.

Kifaa cha kupimia mjomba alikiazima kwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta kwa jirani: mpira wa levo, ule mpira mwembamba wa plastiki angavu ambao waashi wanaujaza maji ili kusawazisha pembe mbili za msingi. Akaufunga kwenye ubao kwa umbo la herufi U, akautia maji hadi katikati na unga wa juisi ya zambarau ili yaonekane vizuri. Ncha moja aliiacha wazi. Nyingine aliipitisha dirishani, juu ya bampa, chini ya ukingo wa boneti, akaichomeka kwenye tundu dogo la bomba, baada ya chujio. Injini ikivuta hewa kwa shida, maji yatapanda upande wake, kama mtu anavyofyonza soda kwa mrija. Kadiri shida inavyozidi ndivyo yanavyopanda.

Tulitoka alfajiri kwenye barabara ya Dodoma, mbele ya Mkundi kuelekea Dakawa, ambako imenyooka na magari bado machache. Mimi usukani, yeye pembeni na ubao mapajani. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho katika gia ya pili mpaka mshale ulipokaribia mizunguko 6,000, na yeye akasoma. Mara tatu kwa koni mpya nzuri aliyoiazima kwa kijana wa mjini, mara tatu kwa boksi la kiwandani lenye chujio jipya la karatasi.

Boksi la kiwandani: sentimita 16. Koni: sentimita 9.

Nilisikitika kidogo, kwa ajili ya boksi langu lililolelewa na kuku. Koni ilikuwa imeshinda, tena kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Yule kijana wa Dar hakunidanganya kwa yote. Mjomba akacheka na kuniuliza: upepo wote wa dunia unaotukandamiza unaweza kuinua maji kiasi gani? Nilikuwa nimesoma hilo sekondari na kulisahau. Takriban mita kumi na sentimita thelathini. Koni ilikuwa imeokoa sentimita saba kati ya sentimita 1,030. Haifiki hata asilimia moja. Tena hiyo ni pale mguu ulipozama hadi mwisho. Katika mwendo wa kawaida kizuizi kikubwa ni mlango wa throto wenyewe, ambao dereva ameufunga nusu kwa hiari yake, na chujio lolote zima halina la kusema.

Ikabaki hewa yenyewe, lile swali la kwanza. Kwenye duka la vifaa vya friji tulinunua kipimajoto cha tarakimu chenye waya mrefu. Tukafunga ncha yake kwenye mdomo wa hewa. Dar es Salaam mchana, kivulini, kilisoma nyuzi 33. Boksi la kiwandani linavuta hewa kwa shingo inayochungulia mbele, nyuma ya taa, nje ya joto la injini. Katika foleni ya Ubungo ndani yake palisoma nyuzi 37. Koni imekaa wazi chini ya boneti, ikitazamana na rejeta. Katika foleni ile ile ilisoma nyuzi 64.

Hewa ikipata joto inatanuka, na silinda inapoivuta inapata ujazo ule ule wenye hewa kidogo. Katika joto letu, kila nyuzi tatu zinazoongezeka zinapunguza hewa kwa karibu asilimia moja. Tofauti ya nyuzi 27 ni asilimia nane au tisa. Yaani nililipa ili niokoe chini ya asilimia moja kwenye mlango, nikapoteza nane ndani ya nyumba. Gari likishika kasi barabarani upepo unaingia chini ya boneti na tofauti inashuka hadi nyuzi kumi hivi, lakini kumi bado ni asilimia tatu. Nikakumbuka jioni nyingi nilizotoka kwenye foleni, nikakanyaga mafuta, gari likanguruma kama simba na kuondoka kizito. Nilidhani ni matairi.

Koni ilikuwa na kosa jingine ambalo mjomba, fundi wa malori ya dizeli, hakulijua. Nilifundishwa na kijana wa umeme wa magari pale Msamvu, nami nikamfundisha mjomba. Kati ya boksi na injini kuna sensa ya hewa: kiwaya chembamba kinachopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kontroli boksi inasoma ni umeme kiasi gani unahitajika kukirudisha kwenye joto lake, ikajua hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imwage. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana zaidi, hewa inapita taratibu juu ya kiwaya, nayo kontroli boksi inadhani hewa ni kidogo na kupunguza petroli. Katika mwendo mdogo sensa ya eksozi inasahihisha. Mguu ukizama hadi mwisho, haisahihishi, na injini inaunguza mchanganyiko mkavu wakati ule ule inapobeba mzigo mkubwa. Hapo ndipo pistoni zinapoharibikia. Na koni za pamba, zile zinazopakwa oili ili zinase vumbi, zikipakwa kwa mkono mzito zinarusha oili hiyo hadi kwenye kiwaya, kikavaa koti na kusoma uongo. Sensa yangu ilipotolewa, kiwaya kilikuwa na ukoko wa oili na vumbi kama utambi wa kibatari.

Kuna wanaokwepa joto kwa kurefusha bomba na kuishusha koni chini, nyuma ya bampa, penye hewa baridi. Kwa joto wamepata jibu. Ila Dar es Salaam ina bonde la Jangwani, na Msimbazi ukifurika hauulizi gari la nani. Jirani yangu wa Kimara alikuwa na Altezza iliyofungwa hivyo. Alikuta maji ya magotini, akaona daladala inapita, naye akaifuata. Daladala inavuta hewa juu. Yeye alikuwa anavuta sentimita ishirini kutoka ardhini. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ilipopanda ikakuta maji, konrodi ikapinda, na injini ikasimama katikati ya bonde kwa mlio mmoja ambao anasema bado anausikia.

Nilipokuwa kijana tuliyapenda magari yanayonguruma kwa sababu ya Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya. Mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda na Subaru Impreza, picha yake ilibandikwa hata kwa vinyozi wa Morogoro. Tuliitazama picha ile miaka mingi, tukaiga rangi ya buluu, tukaiga rimu, tukaiga mngurumo. Bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele, ambalo magari ya Safari ya miaka ile yalifungwa ili yavute hewa juu ya maji na juu ya vumbi, hakuna aliyeliiga. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, yalikuta vumbi laini kama unga pale Kedong likiwasubiri, na matimu yenye wahandisi wa kila aina yakaanza tena kuhangaikia machujio.

Bomba lile, lazima niseme, halikuwa la kiwandani. Lilikuwa ni nyongeza, kama koni yangu. Wafugaji wa Kiteto wenye Land Cruiser wamefunga mabomba kama hayo, na ni fedha waliyoiweka mahali pake: hewa ya usawa wa paa ina vumbi kidogo kuliko ile ya usawa wa tairi. Trekta za Massey Ferguson zinabeba juu ya boneti kikombe kinachozungusha hewa na kutupa vumbi zito kabla halijafika kwenye chujio. Wapo waliokifunga kwenye malori, na mjomba alikuwa mmoja wao. Na mtu aliyeibadilisha injini kweli, akaongeza turbo, akakaa na fundi wa kompyuta akapanga upya hesabu za petroli, akaifunga koni ndani ya boksi linalokingwa na joto, huyo injini yake inataka hewa nyingi kuliko boksi la kiwandani lilivyokusudiwa, na mpira wa levo utamwonyesha hivyo. Ninachomlaumu muuzaji wangu ni kwamba hakuniuliza hata swali moja. Hakujua gari linakwenda wapi.

Nilirudisha boksi, mpira wenye mikunjo, na kopo pofu. Gari likanyamaza. Kwa mwezi mzima nilihisi nimelipokonya kitu. Chujio la karatasi nalinunua halisi, na nimejifunza kuliacha litumike: vumbi la kwanza linaloganda juu ya karatasi linasaidia kunasa linalofuata, na vijana wa kituo cha mafuta wanaolipuliza kwa kompresa wakiwa wameikaribisha ncha hadi inagusa wanalitoboa matundu yasiyoonekana. Nikitoka Kiteto nalikung'uta tu kwa mkono, uso wenye vumbi ukitazama chini. Kisha naingiza kidole kwenye bomba, ng'ambo ya chujio.

Mjomba sasa haoni vizuri. Ninapofika namwamkia, ananiitikia marahaba, halafu ananyoosha mkono aguse kidole changu kama kina chembechembe.

Koni nyekundu iko kwenye rafu dukani kwangu Kibaigwa, katikati ya makopo ya dawa ya kupe. Wiki iliyopita aliingia kijana mwenye Mark II kama yangu, akaiona, akaniuliza kama naiuza na kwa bei gani. Nikamuuliza anapita njia ipi. Akasema Kibaya, kila wiki, anabeba ufuta. Nikamwambia iliyo pale imepasuka na haiuzwi. Lakini Jumamosi alfajiri aje na gari lake, mpira wa levo ninao, na unga wa juisi atanunua yeye.